Unga wa Kopo la Bluu

Chokaa iliganda tena. Edmund aliinua kijiti kutoka kwenye kifuniko cha kopo, akaona rangi imekuwa mabonge kama uji uliolala, akasonya. Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Chokaa na vanishi havielewani, jambo hilo alilijua siku nyingi, lakini fundi aliyekosa rangi nyeupe hujidanganya kwamba leo labda vitaelewana. Julai ile Mafinga nzima haikuwa na rangi nyeupe. Dukani kulikuwa na unga mwekundu wa kupakia sakafu na bluu ya kufulia, basi.

Mbele yake, juu ya meza ya kazi, walilala samaki kumi na wawili wa mti, uchi, wakisubiri ngozi. Alikuwa amewachonga kwa mabaki ya misonobari aliyookota nje ya kiwanda cha mbao. Kila mmoja alikuwa na kipande cha risasi tumboni ili asielee kichwa juu, na waya uliopita mwilini kutoka mdomoni hadi mkiani, ambako ndoano ingefungwa. Kazi hiyo ya kuchonga chambo alifunzwa ujanani na meneja wa Kizungu wa shamba la chai aliyependa kuvua kwenye vijito vya milimani. Mzungu aliondoka, kazi ikabaki. Watu wa Mafinga walimcheka. Mji hauna mto wa maana, una mbao na baridi, halafu mtu mzima anakaa kuchonga wanasesere wa kuchezewa na samaki! Edmund aliwaacha wacheke. Vitanda na milango alitengeneza kama mafundi wengine, ila ni samaki hawa waliomfanya asahau kula.

Hawa kumi na wawili waliagizwa na Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, akakuta mto wa huko una samaki kuliko alivyoambiwa. Nyavu zake zote zilichanwa na visiki. Ndipo akasikia habari za fundi wa Mafinga.

"Maji ya kiangazi ni meupe, fundi," Nkuba alimwambia siku alipoagiza. "Samaki inaona kila kitu. Nyekundu inakimbia, ya fedha inakimbia. Nitengenezee rangi ya kitu kizima. Kitu kinachopumua."

Rangi ya kitu kinachopumua! Edmund aligeukia shubaka lenye makopo yake ya unga. Kulikuwa na masizi ya kibatari kwa ajili ya migongo, manjano kwa ajili ya matumbo, ile nyekundu ya sakafu, na unga wa fedha uliobaki alipopaka misalaba ya makaburi wakati wa Pasaka. Nyuma kabisa akaliona kopo la bluu lenye maandishi ya Kichina. Makopo kama hayo alipewa kadhaa pale Makambako, wajenzi wa reli walipokuwa wakifunga kambi yao. Hili hakukumbuka lilikuwa na nini. Alilifungua.

Unga wa ndani haukuwa mweupe wala mwekundu. Ulikuwa na rangi ya kiganja cha mkono, na alipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha, vichembe vyembamba ndani yake vilimeremeta, vikazima, vikameremeta tena. Edmund alisahau baridi. Mama yake alikuwa hapohapo nje, hatua kumi tu, akichambua maharage juani. Angeweza kupaza sauti, "Mama, hiki ni nini?" na mambo yote yangeishia hapo. Hakuuliza. Fundi gani anamwuliza mama yake habari za rangi?

Aliuchekecha unga kwa kitambaa, akausaga kwa chupa juu ya kioo, akadondoshea vanishi tone kwa tone. Haukuganda. Ulinywa vanishi ukatulia, ukawa kitu cheupe kisicho cheupe hasa, chenye kina. Kama ilivyo desturi yake alijaribu kwanza kwenye ukucha wa kidole gumba cha kulia. Ilipokauka aliukaribisha ukucha machoni, na kwa muda akapata hisia kwamba anatazama kidole cha mtu mwingine. Haikuwa rangi juu ya kitu. Ilikuwa ngozi.

Aliwapaka samaki mikono mitatu ya rangi hiyo, tabaka juu ya tabaka, kwa siku mbili. Kopo liliisha, sehemu ya mwisho aliipangusa kwa brashi kutoka kwenye pembe za chini. Kisha akagongea kila samaki kijipini mgongoni, akawatundika kwa nyuzi kwenye waya uliokatiza karakana, na chini yao akaweka jiko la mkaa, maana baridi ya Mufindi hairuhusu vanishi ikauke yenyewe.

Samaki waliotundikwa huzunguka kila mmoja anavyotaka. Edmund alikuwa amewatundika mamia, alijua. Hawa walizunguka kidogo, wakapunguza, wakatulia, na wote kumi na wawili walikuwa wameelekeza vichwa magharibi. Alifunga mlango akidhani ni upepo. Aliondoa jiko akidhani ni moto. Alimsukuma mmoja kwa kidole akazunguka mara tatu, akarudi palepale, akatazama magharibi na wenzake.

"Haya, kila la heri huko mnakotazama," aliwaambia akicheka. Kicheko hicho hakikumfurahisha hata yeye.

Jioni ile mama yake, Apolonia, alimwita barazani. Kifua kilikuwa kinambana tangu Mei, na sasa aliongea maneno machache machache, akivuta pumzi katikati.

"Jumamosi ya wiki ijayo wajomba zako watakuja. Usipokee kazi."

"Kuna nini, Mama?"

"Baba yako anarudi nyumbani."

Edmund alidhani anazungumzia misa ya wafu. Baba yake, Tadeo, aliondoka kwenda Chunya kutafuta dhahabu Edmund akiwa na miaka minne, akasema atarudi baada ya mavuno. Miaka sita ikapita bila barua, kisha ikaja habari kwamba shimo limemfunika. Hawakumtoa. Edmund alikuwa amemchukia baba huyo kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama mtu anavyokaa na jino bovu. Mama ndiye aliyemlilia. Mwezi uliopita tu, na kifua chake kile, alipanda basi hadi Chunya, akasema anakwenda kumsalimia dada yake Lusia.

"Alipokuwa hai alishindwa kurudi," Edmund alisema. "Leo ataweza?"

"Nataka nimwone amefika," mama alisema. "Nikishamwona, na mimi nitalala."

Jumatano Nkuba alikuja kuchukua mzigo wake. Alimshika samaki mmoja, akamgeuzageuza, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeweka nini humu?"

"Siri ya fundi."

"Haya. Ila inanitazama." Akawafunga kwenye kitambaa, akaondoka na lori la mbao.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Nkuba alikuwa tena mlangoni. Safari hii hakusalimia kwa kelele. Alivua kofia, akatoa kile kitambaa, akakiweka sakafuni badala ya mezani, kisha akasogea nacho mbali.

"Kamwene, fundi," alisema, kwa salamu ya Kihehe aliyojifunza. "Nimeleta samaki yako. Kumi na moja. Sitaki unirudishie kitu. Chukua tu."

"Hawavui?"

Nkuba alicheka kidogo, bila raha. "Wanavua! Fundi, nimevua tangu mtoto, kule ziwani kwetu na huku. Samaki anapigana. Hata kambale mjinga anapigana. Mimi natupa hii samaki yako, navuta, kambale anakuja. Hapigani. Anakuja polepole, kama ng'ombe anayerudi zizini. Natupa tena, wanakuja wawili, mmoja ndoano haijamshika, anamfuata mwenzake mpaka kwenye tope. Wamejipanga pale ukingoni, midomo nje. Wanangoja."

"Si ndiyo bahati hiyo?"

"Ngoja. Tukampasua mmoja. Tumboni udongo. Mwekundu. Wa pili, udongo. Wote. Na ni mkavu, fundi. Nimeushika kwa mkono wangu. Samaki ametoka majini sasa hivi, tumboni ana vumbi. Mke wangu Kalista amekataa kupika. Mbwa amekataa kula."

Edmund alihisi ukucha wake unawasha. Rangi ile haikuwa imetoka kwa sabuni wala mafuta ya taa.

"Na wa kumi na mbili?" aliuliza.

"Ameshikwa na kitu. Sijui kama ni samaki. Hakuvuta chini. Alikwenda kando ya mto, polepole, hatua, hatua, kama mtu anayetafuta kivuko. Nikamfuata kwenye matete mpaka uzi ukaisha. Nikakata."

Nyuma yao kitu kilianguka. Ungo wa maharage ulikuwa umemponyoka Apolonia, naye alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, mkono kifuani.

"Edmund," alisema. "Lile kopo la bluu liko wapi?"

Alilitoa shubakani. Alijua kabla ya kumpa. Mama alilifungua, akaingiza vidole, akapapasa pembe za chini mahali ambapo brashi ilikwishapapasa. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa kwenye gogo la kukatia mbao, akaliweka kopo tupu mapajani.

"Hiyo uliyopaka samaki," alisema, "ni baba yako."

Kisha akaeleza, akipumzika baada ya kila maneno matatu, na Nkuba akisikiliza na kofia mkononi. Katika ukoo wao, mtu akifia ugenini na mwili ukashindikana, mke au mama huenda mpaka mahali alipofia. Humwita kwa jina, huchota udongo wa pale, huusaga pamoja na ulezi wa nyumbani. Siku ikifika unga ule humwagwa kama uzi mwembamba, kuanzia njia panda hadi mlangoni hadi penye moto, naye marehemu huufuata. Mpaka siku hiyo aliyebeba hasemi kwa mtu. Na kwa sababu katekista alikuwa akipita nyumbani kila Jumapili kumwombea kifua chake, na macho yake hayaachi kitu, Apolonia aliona mahali salama pa kuficha unga ni katikati ya unga mwingine.

"Tutakwenda tena Chunya," Edmund alisema. "Nitakwenda mimi. Nitachota mwingine."

"Kule hayupo. Nilimwita, akatoka. Yuko njiani." Apolonia aliangalia kitambaa pale sakafuni. "Sasa umemtupa mtoni vipande kumi na viwili, na kila upande anaitwa. Atakwenda wapi? Siku zangu zimekwisha, mwanangu, na yeye anazungukazunguka kwenye maji, hata kuogelea hajui."

Hapo ndipo alipolia. Edmund hakuwahi kumwona mama yake akilia tangu zile habari za shimo, na aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba hasira ya miaka ishirini na minne ilikosa pa kukaa. Alichukua samaki mmoja kutoka kwenye kitambaa, akamtia mfukoni, akamwambia Nkuba waende mtoni.

Lori la mbao liliwafikisha Igawa jioni. Walilala kwa watu, na Jumanne asubuhi wakatembea kwenye uwanda wa Usangu, nyasi zimekauka, mbele yao mstari wa miti ya mto ukitetemeka kwenye joto. Edmund aliyezaliwa milimani hakulipenda lile bonde. Lilikuwa bapa mno. Mtu angeweza kuonekana akija kwa nusu siku nzima.

Walipofika ukingoni aliona alichoambiwa, na kuambiwa hakukumsaidia. Kambale walikuwa wamejipanga kwenye maji ya kina kifupi, mmoja kando ya mwingine, midomo imegusa tope. Hawakutawanyika kivuli chake kilipowaangukia. Masharubu yao tu ndiyo yaliyokuwa yakicheza. Edmund alitoa mkono mfukoni, na vichwa vyote vikasogea kidogo, kuufuata mkono. Kuufuata ukucha.

"Mimi naishia hapa," Nkuba alisema. "Si kwamba naogopa." Akarudi hatua ishirini na kukaa kwenye kichuguu, mtu ambaye haogopi.

Edmund alifunga samaki wa mti kwenye uzi, akamzungusha, akamtupa katikati. Hakujua anavua nini. Alijua tu kwamba wa kumi na mbili yumo humo, na kwamba kinachomvuta mmoja huenda kitamvuta mwenzake. Alivuta polepole. Alitupa tena. Jua lilipanda. Katika kutupa kwa saba au kwa nane uzi ukawa mzito.

Haukuruka. Haukukata maji huku na huku kama afanyavyo samaki mwenye meno. Ulikuwa uzito wa kitu kilichosimama upande wa pili, kimeshika. Kisha kikaanza kwenda. Hatua, ikatulia. Hatua, ikatulia. Edmund alikwenda nacho kando ya ukingo, matete yakimkata mashavu, uzi umepita juu ya kidole gumba chake, na katika uzi alihisi mwendo wa mtu mwenye mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Mama alikuwa akisema hivyo, zamani: utamjua baba yako kwa kuburuza mguu, aliangukiwa na gogo alipokuwa kijana.

Angeweza kukata. Kisu kilikuwa kiunoni. Alitamani kukata, na kuogopa si sababu pekee. Mwanamume huyu alikuwa na mguu wa kumfikisha Chunya, akakosa mguu wa kumrudisha. Kwa nini apokewe? Nani aliwapokea wao, mvua ya mwaka ule ilipobeba paa, Apolonia akakaa usiku kucha amemfunika mtoto kwa mgongo wake? Maneno hayo yote yalimjaa mdomoni, na aliyasema. Aliyasema kwa sauti, pale mtoni, kwa Kihehe, huku akitembea, na uzi ulikuwa ukimsubiri kila alipovuta pumzi. Alimwambia habari za paa. Alimwambia habari za viatu vya shule. Alimwambia kwamba Mama anakufa na kwamba bado, bado kabisa, anamtandikia kitandani upande wa ukutani.

Uzi ulisimama. Maji yaliyouzunguka yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, kama mahali ng'ombe alipotia mguu.

Edmund alikuwa amechoka. Hakuwa amemsamehe mtu. Alikuwa tu amemaliza maneno. "Baba," alisema, neno ambalo mdomo wake ulikuwa haujalizoea, "njia ni hii. Igawa, halafu Makambako, halafu Mafinga. Uliza kwa Apolonia, wanamjua. Twende nyumbani."

Uzito ukatoka. Alivuta uzi mtupu. Samaki wake wa mti alikuwa bado kwenye ncha, mkavu, na wa kumi na mbili hakuwepo. Pale ukingoni kambale walishtuka wote kwa pamoja, wakapiga maji, wakatawanyika kama samaki wengine wa kawaida wanaomwona mtu.

Nkuba alisimama juu ya kichuguu akipiga makofi. Edmund hakuona cha kushangilia. Alikuwa amekuja kuchukua kitu, naye anaondoka bila hicho kitu.

Alifika nyumbani Alhamisi na kumwambia mama yake kwamba ameshindwa. Alikuwa amekwisha kufikiri njiani: atawakwangua kumi na mmoja waliobaki, apate unga japo kiganja kimoja. Mama alikataa.

"Umeshamchanganya na vanishi. Ukikwangua utamuumiza bure. Watundike ndani, penye moto, niwe nawaona."

Aliwatundika kwenye boriti ya chumba cha moto, ambamo Apolonia alikuwa analala siku hizo kwa ajili ya joto. Walizunguka, wakapunguza, wakatulia. Magharibi, kama mwanzo. Apolonia alilala ubavu akiwatazama, na Edmund alikaa kwenye kizingiti akichonga mti ambao hakujua unakuwa nini.

Ijumaa asubuhi alidhani anakosea. Mchana alichora kwa mkaa mstari sakafuni chini ya vichwa vyao, apate uhakika. Jioni samaki walikuwa wameuacha mstari upana wa kiganja. Hawakuwa wakitazama magharibi tena. Walikuwa wakitazama kusini kidogo, kuelekea Igawa, na polepole, kidogo kidogo, jinsi mtu anavyomfuata kwa macho mpita njia wa mbali, walikuwa wakigeuka kuelekea barabara ya Makambako.

"Anatembea kwa mguu," mama alisema. "Siku zote hakupenda lori."

Jumamosi kulipambazuka na ukungu mzito. Wajomba walitarajiwa mchana. Apolonia aliomba akalishwe kwenye kigoda kando ya moto, akajifunga khanga aliyopewa kwenye harusi ya mtu mwingine, maana ya harusi yake mwenyewe ilichakaa zamani, akaagiza kigoda cha pili kiwekwe upande wa pili wa moto. Akaagiza pia beseni la maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni.

"Mtu ametoka mbali," alisema. "Hawezi kukalishwa na miguu hivyo."

Edmund alifanya alivyoambiwa. Samaki walikuwa wameelekeza vichwa kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao. Alipomaliza kuweka beseni walikuwa wanatazama kwa fundi cherehani. Kisha kwenye mti wa mforosadi wa jirani, ambaye mbwa wake, mkorofi kuliko wote mtaani, alibweka mara moja, akanyamaza. Kisha kwenye lango. Edmund alifungua mlango wa nyumba mpaka mwisho, kwa sababu hakuona jambo jingine la kufanya, na ukungu ukaingia sakafuni. Kando ya mlango alisimama akijibana ukutani ili kupisha.

Vichwa kumi na kimoja vilifuata kitu kikivuka kizingiti. Viligeuka taratibu, vikasita, vikageuka, vikasita, kwa mwendo ule aliouhisi kwenye uzi. Vilipita pale alipokuwa amesimama, na kwa muda wa pumzi moja vyote vilimtazama yeye. Ukucha wake ulipata moto, kisha ukapoa. Halafu vikamwacha vikaenda, mpaka vikaelekea kigoda kitupu, vikatulia hapo.

Kisha nyuzi zikalegea. Hakuna namna nyingine ya kusema. Samaki mmoja alizunguka upande wake, mwingine upande wake, mmoja akatazama dirisha na mwingine ukuta, kumi na mmoja wa mti tu, wametundikwa, wanazungushwa na hewa ya moto.

"Umechelewa," Apolonia alisema. Hakuwa akimwambia mwanawe. "Umechelewa sana, wewe."

Aliinama kwa taabu, akatia mikono ndani ya beseni. Maji yalikuwa yameanza kuwa mekundu, kuanzia chini kwenda juu, wekundu wa udongo usiopatikana Mafinga. Alichukua sabuni. Mikono yake ilisugua kitu humo ndani kwa mzunguko, kwa ukali kidogo, kama mtu anayeijua miguu hiyo na uchafu wake wa siku zote. Kifua chake hakikuwa kinakoroma. Edmund aliliona hilo, akajua maana yake, na machozi yakamtoka bila yeye kuyazuia.

"Maji yanapoa," mama alisema bila kuinua kichwa. "Ongeza ya moto."

Edmund alichukua sufuria pale jikoni. Njia fupi ilikuwa kupita katikati, kati ya kigoda na moto. Aliinua mguu, akasita, akaurudisha. Akapita pembeni, akikizunguka kile kigoda, asije akamkanyaga mtu.